Duka Litabaki na Kazi Gani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ununuzi wa Mtandaoni

Maswali haya hutoka kwa watu wa aina mbili: wenye maduka wanaokesha wakipiga hesabu, na wanunuzi wanaojiuliza kama mlango waliouzoea utakuwa wazi mwakani. Baadhi yanajibika kwa mistari miwili. Mengine yana mizizi mirefu, na hayo nimeyapa nafasi yake.

Je, maduka ya rejareja yatakufa?

Yote, hapana. Mengi yatafungwa, na mengi yameshafungwa, lakini ukiangalia hesabu utaona sehemu kubwa ya fedha bado inapita kaunta. Nchini Marekani, ilikozaliwa Amazon, mauzo ya mtandaoni mwaka 2024 yalikuwa kama asilimia 16 ya rejareja yote. Uingereza, ambako watu walizoea kuagiza mapema kuliko wengi, ni zaidi kidogo ya robo. Mwanzoni mwa 2021, maduka yalipokuwa yamefungwa kwa sababu ya Covid-19, sehemu hiyo ya Uingereza ilipanda hadi kupita theluthi. Milango ilipofunguliwa, ikashuka. Watu walikuwa wameshajifunza kununua karibu kila kitu wakiwa wamekaa kitini, na bado wakarudi madukani kwa miguu yao. Kwangu mimi jambo hilo lina uzito kuliko utabiri wowote.

Hata hivyo, wastani huficha mengi. Muziki na filamu vimehama karibu vyote, hata diski yenyewe imekuwa adimu. Vitabu, simu na kompyuta vimehama sana. Mbao na saruji vimehama kidogo, na kitu unachokihitaji dakika hii, bomba limepasuka na maji yanajaa sebuleni, hakijahama kabisa.

Swali lenye faida zaidi ni hili: duka linafanya kazi gani? Duka la kawaida limekuwa likifanya kazi tano kwa pamoja na kuzitoza kwa bei moja. Linaweka mali karibu na mnunuzi, linamwonyesha, linamshauri, linamkabidhi, na linapokea lawama mambo yakiharibika. Mtandao umekuja ukazitenganisha kazi hizo moja moja. Baadhi unazifanya vizuri kuliko duka, nyingine vibaya mno. Duka lililokuwa likiishi kwa ile ya kwanza tu, yaani kusimama katikati ya ghala na mnunuzi, ndilo linalochungulia kaburi.

Kuuza bila kaunta kulianza na intaneti?

Hapana, kulianza zaidi ya miaka mia moja kabla yake. Mwaka 1872 Aaron Montgomery Ward wa Chicago alitoa karatasi moja yenye orodha ya bidhaa na bei, akaituma kwa wakulima waliokuwa wamechoshwa na bei za duka pekee la kijijini kwao. Tatizo lake lilikuwa lile lile la leo: nani atampa fedha mtu asiyemwona, kwa kitu asichokigusa? Mwaka 1875 akaanza kuahidi kwamba asiyeridhika atarudishiwa fedha zake. Ahadi hiyo ndiyo iliyofungua mlango, na mpaka leo ndiyo nguzo ya biashara hii. Bila hiyo, mnunuzi anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Kampuni ya Sears ikafuata njia hiyo, ikawa na katalogi nene iliyoingia katika nyumba nyingi za Marekani. Sasa tazama tarehe. Mwaka 1993 Sears iliacha kuchapa katalogi yake kubwa kwa kuwa ilikuwa ikila hasara. Mwaka 1994 Jeff Bezos akaanzisha Amazon, na Julai 1995 ikaanza kuuza vitabu. Oktoba 2018 Sears ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Kampuni iliyojua kuliko nyingine zote namna ya kumpelekea mtu mzigo mlangoni ililiweka jembe chini mwaka mmoja kabla ya mvua.

Na kununua kwa kutumia skrini nako kulitangulia intaneti tunayoijua. Mwingereza Michael Aldrich aliunganisha televisheni na kompyuta kwa laini ya simu mwaka 1979, na mwaka 1984 bibi mmoja wa miaka 72 mjini Gateshead aliagiza mahitaji yake ya nyumbani kutoka Tesco kwa kubonyeza rimoti.

Kwa nini vitabu vilitangulia?

Kwa sababu nakala ya kitabu ni ile ile popote. Haiozi, haina saizi, haivunjiki kirahisi, na hakuna rafu duniani inayoweza kubeba vitabu vyote vilivyopo sokoni. Ukitaka kujua kama bidhaa yako inafuata, jiulize kama mnunuzi lazima aiguse kwanza, na kama duka lako lina sehemu ndogo tu ya kile anachoweza kukitaka. Jibu la kwanza likiwa hapana na la pili ndiyo, uko kwenye foleni.

Toys "R" Us, Borders, Debenhams: si mtandao uliowaua?

Mtandao ulikuwepo eneo la tukio, lakini haukuwa peke yake.

Toys "R" Us, kampuni ya Marekani ya maduka ya vitu vya kuchezea watoto, ilinunuliwa mwaka 2005 na wawekezaji waliotumia fedha za kukopa, na mkopo ukabebeshwa kampuni yenyewe. Ilipoomba ulinzi wa mahakama Septemba 2017 ilikuwa na deni la karibu dola bilioni 5. Fedha ambazo zingekarabati maduka na kujenga tovuti ya maana zilikwenda kulipa riba. Mwaka uliofuata maduka yake ya Marekani yakafungwa. Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau: mwaka 2000 kampuni hiyo ilikubaliana na Amazon kwamba vitu vyake vya kuchezea viuzwe kupitia tovuti ya Amazon kwa miaka kumi. Wakagombana, wakafikishana mahakamani, na mkataba ukavunjwa mwaka 2006. Lakini miaka sita ilikuwa imekwisha, na wateja wameshazoea kutafuta vitu hivyo kwa jirani.

Borders ilifanya hivyo hivyo kwa vitabu. Kuanzia 2001 iliikabidhi Amazon mauzo yake ya mtandaoni, na ilipojitoa mwaka 2008 ilikuwa imechelewa. Mwaka 2011 ikafunga. Hapo ni vigumu kusema mtandao uliliua duka. Duka lilimpa mtandao funguo.

Debenhams, kampuni ya maduka makubwa ya Uingereza, yenye historia inayorudi nyuma hadi 1778, ilibeba madeni na mikataba mirefu ya pango katika majengo ambayo zamani yalikuwa mali yake. Maduka yake ya mwisho yalifungwa Mei 2021. Jina likanunuliwa na Boohoo, kampuni ya mtandaoni, na jina hilo bado linauza, mtandaoni, bila maduka yale ya zamani.

Nikisikia duka fulani "limeuawa na mtandao", nauliza kwanza deni lake lilikuwa kiasi gani na mkataba wa pango ulibakiza miaka mingapi. Mtandao hupunguza faida kidogo kidogo. Mwenye mzigo mwepesi huyumba akasimama; mwenye deni huanguka.

Wateja wanakuja kwangu kujaribu, wanapiga picha, kisha wananunua mtandaoni. Niwazuie?

Usiwazuie. Kibandiko cha "usipige picha" kinamwambia mteja kwamba wewe mwenyewe unajua bei yako haina utetezi.

Mfano bora ninaoujua ni Best Buy, kampuni ya Marekani inayouza vifaa vya elektroniki. Kufikia 2012 watu walikuwa wakiidhihaki kwamba imekuwa chumba cha maonyesho cha Amazon. Mwaka huo akaja mkurugenzi mpya, Hubert Joly, na kampuni ikaanza kulinganisha bei: mteja akikuonyesha kwenye simu bei ya washindani wakubwa wa mtandaoni, anapewa bei hiyo hiyo papo hapo. Ilionekana kama kujichinja. Lakini mtu ambaye ameshavaa viatu, amesafiri, amesimama mbele ya televisheni na yuko tayari kulipa, kumwacha aondoke kwa tofauti ndogo ya bei ni hasara kubwa kuliko punguzo lenyewe.

Hatua ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi. Badala ya kulilia kuwa chumba cha maonyesho, walikubali kuwa hivyo, na wakadai malipo yake. Watengenezaji kama Samsung na Microsoft walipewa sehemu zao ndani ya duka, wakazigharimia, kwa sababu nao walihitaji mahali ambapo mtu anaweza kushika simu kabla ya kuinunua popote pale. Kazi ya kuonyesha, ambayo duka lilikuwa likiifanya bure, ikapata mlipaji.

Na usisahau kwamba njia hiyo ina pande mbili. Wako wengi wanaosoma maoni ya wanunuzi mtandaoni usiku kucha, kisha asubuhi wanakuja dukani kununua kwa sababu wanakitaka leo. Hao hawapigi picha, kwa hiyo huwaoni.

Kwa nini bei ya mtandaoni huwa chini?

Si mara zote huwa chini. Pale inapokuwa chini, sababu ni ghala la pembezoni lisilo na pango la katikati ya mji, bidhaa nyingi kwa wafanyakazi wachache, na kwa miaka mingi, kodi.

Hilo la kodi linastahili kuangaliwa. Marekani ilichukua hadi 2018 Mahakama ya Juu ilipoamua, katika kesi ya jimbo la South Dakota dhidi ya Wayfair, muuzaji wa mtandaoni, kwamba jimbo linaweza kumtaka muuzaji wa mtandaoni akusanye kodi ya mauzo hata kama hana jengo hapo. Umoja wa Ulaya uliondoa Julai 2021 msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa vifurushi vya chini ya yuro 22 kutoka nje. Marekani nayo mwaka 2025 ilifuta msamaha wa ushuru kwa vifurushi visivyozidi dola 800, ikianza na vile vya China. Kwa hiyo sehemu ya urahisi wa bei tuliousifia kama ujanja wa teknolojia ilikuwa ni mwanya wa sheria, na mwanya huo unazibwa.

Ufaransa kuna kisa cha kuchekesha kidogo. Mwaka 2014 sheria ilikataza kuuza kitabu kwa punguzo na wakati huo huo kukipeleka bure. Amazon ikaanza kutoza usafirishaji senti moja. Serikali ikakaa, ikarudi na sheria nyingine: tangu Oktoba 2023 oda ya vitabu chini ya yuro 35 lazima itozwe angalau yuro 3 za usafirishaji.

Mzigo ukirudishwa, nani anaumia?

Hapa ndipo biashara ya mtandaoni ilipo na kidonda chake, na ndipo duka la kawaida lina nafasi ambayo wengi hawajaiona.

Nichukue kiatu. Niliwahi kuagiza jozi mbili za kiatu kimoja, saizi mbili zinazofuatana, kwa sababu sikujua kipi kitanikaa. Nilijaribu zote juu ya zulia, nikabaki na moja, nikafunga nyingine kwa gundi ya karatasi na kuirudisha. Kwangu kazi ilikuwa dakika tano. Lakini fuata ile jozi. Inapokelewa, inasafirishwa, inafika mahali pa kukagulia. Mtu anafungua boksi, anageuza soli kutafuta vumbi, anaangalia kama kamba zilifunguliwa, ananusa. Anarudisha karatasi ndani ya kiatu ili kisilale. Boksi langu lilikuwa limepasuka kona, kwa hiyo linahitajika jingine. Kibandiko kipya, rafu mpya, na kwenye kompyuta jozi hiyo irejeshwe kwenye hesabu. Wakati huo wiki mbili au tatu zimepita, na kama ni kiatu cha msimu, bei imeshashuka. Faida ya jozi niliyobaki nayo ililipa safari ya ile niliyoirudisha, kama ilibaki faida.

Katika Umoja wa Ulaya mnunuzi wa mbali ana siku 14 za kubadili mawazo bila kutoa sababu, kwa hiyo muuzaji hawezi kujifungia. Ndiyo maana baadhi yao sasa wanatoza anayerudisha kwa posta lakini hawamtozi anayeleta mwenyewe dukani. Zara, kampuni ya nguo, ilianza hivyo Uingereza mwaka 2022. Kohl's, kampuni ya maduka ya Marekani, ilikwenda mbali zaidi: tangu Julai 2019 maduka yake karibu yote hupokea mizigo inayorudishwa Amazon. Unaweza kusema ni kumhudumia mshindani. Lakini mtu huyo ameingia dukani na mzigo mikononi, anatoka mikono mitupu, na njia ya kutokea inapita kwenye rafu.

Kuagiza mtandaoni na kuchukua dukani kutadumu?

Kutadumu, tena kutakua. Sehemu ghali ya safari ya mzigo ni ile ya mwisho: gari moja, mtu mmoja, ngazi, kengele, na mwenyewe hayupo. Lori lililojaa likienda dukani hugharimu kidogo kwa kila kifurushi. Mteja akimalizia safari mwenyewe, gharama hiyo imeondoka mikononi mwa muuzaji. Target ya Marekani hutimizia zaidi ya asilimia 95 ya mauzo yake, pamoja na oda za mtandaoni, kutoka madukani. Yaani duka limegeuka ghala dogo lililo karibu na watu, ambalo pia lina taa nzuri.

Shida ipo, na haizungumzwi vya kutosha: hesabu ya mali. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapo hupotea mbele ya mteja. Kompyuta inasema shati la bluu la saizi ya kati lipo moja. Mteja ameshalipa, ujumbe umeshamfikia kwamba mzigo uko tayari saa kumi. Mfanyakazi anazunguka na kikapu. Rafuni halipo. Stoo halipo. Lipo chumba cha kujaribia, limening'inizwa nyuma ya mlango na mtu aliyeghairi asubuhi. Au limeibwa mwezi uliopita na hakuna aliyehesabu. Zamani kosa hilo lilikuwa siri ya duka: mteja alikuta rafu tupu, akaenda zake. Sasa duka limeahidi kwa maandishi na kuchukua fedha.

Mwenye duka anayetaka kuanza huduma hii aanze na kuhesabu, si na tovuti.

Mbona kampuni za mtandaoni zenyewe zinafungua maduka?

Kwa sababu mtandaoni nako kuna pango, huitwa matangazo. Watu hawakatizi mbele ya tovuti yako wakielekea kazini. Kila anayefika umemlipia, na kadiri wauzaji wanavyoongezeka, bei ya kumfikisha inapanda. Duka lililo njiani ni tangazo linalosimama mchana na usiku. Warby Parker, wauza miwani walioanza mtandaoni mwaka 2010, walifungua duka lao la kwanza la kudumu mwaka 2013, na sasa wana mamia.

Amazon nayo ilijaribu. Ilifungua duka la vitabu Seattle mwaka 2015, ikaongeza mengine, na mwaka 2022 ikayafunga yote. Katika maduka hayo vitabu vilipangwa uso ukiangalia mteja, na chini ya kila kimoja kulikuwa na kadi yenye nyota zilizotolewa na wanunuzi wa tovuti. Yaani walikutembeza ndani ya tovuti. Aliyetaka tovuti alikuwa nayo mfukoni.

Linganisha na Barnes & Noble, kampuni ya maduka ya vitabu ya Marekani ambayo wengi walishaizika. Mwaka 2019 ilipata mkurugenzi James Daunt, aliyekuwa ameinusuru Waterstones ya Uingereza kwa mbinu ile ile. Alikataa fedha ambazo wachapishaji hulipa ili vitabu vyao viwekwe mezani mbele, akawaachia wasimamizi wa kila tawi wachague wenyewe nini kiwe dirishani, kulingana na watu wanaoingia mlango ule. Meza zikaanza kutofautiana. Mali iliyorudishwa kwa wachapishaji ikapungua, kwa sababu aliyechagua kitabu ndiye anayekiuza. Leo kampuni hiyo inafungua matawi mapya. Ni duka la vitabu, bidhaa ile ile iliyotangulia kuhama, na limesimama kwa kazi ambayo mtandao unaifanya vibaya: mtu mwenye ladha anayekwambia, chukua hiki.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, tunasema. Kwenye tovuti yenye mamilioni ya bidhaa, hata kizuri hulazimika kujitembeza, na hulipia nauli.

Wafanyakazi wa madukani wataenda wapi?

Wengine watapoteza kazi, na sitalipamba hilo. Kazi za maghalani huongezeka, lakini ghala haliko mtaa ule ule, na mtu wa miaka hamsini aliyekuwa akipima nguo hafurahii kutembea kilomita nyingi kwa siku akifuata maelekezo ya kifaa cha mkononi.

Jambo moja hunishangaza kila nikilifikiria. Kabla ya 1916, katika duka la vyakula, kwa kawaida mteja hakugusa rafu. Alisimama kaunta, akasoma orodha yake, na mhudumu akamletea. Mwaka huo Clarence Saunders alifungua Piggly Wiggly mjini Memphis, akampa mteja kikapu na kumwambia azunguke mwenyewe. Bei ikashuka kwa sababu mteja alikuwa amepewa kazi ya mhudumu bila mshahara. Sasa unaagiza kwa simu, na mtu mwingine anazunguka na kikapu akichukua vitu vyako rafuni. Tumerudi kaunta ya kabla ya 1916. Na gharama ile aliyoitupa Saunders imerudi nayo, ndiyo maana oda za vitu vidogo vidogo vya bei ya chini huwasumbua sana wauzaji.

Majengo makubwa ya maduka yatafanywa nini?

Mengine yatakuwa zahanati, vyuo, makazi. Mengine yatakuwa kile kile kilichoyaua. Randall Park Mall, jimboni Ohio, lilipofunguliwa 1976 lilitajwa kuwa miongoni mwa makubwa kabisa duniani. Lilifungwa, likabomolewa, na tangu 2018 kiwanja chake kina ghala la Amazon.

Mwenye duka dogo auze kwenye jukwaa kubwa au ajenge tovuti yake?

Afanye yote mawili, lakini ajue tofauti. Jukwaa kubwa lina wateja tayari: zaidi ya nusu ya bidhaa zinazouzwa Amazon huuzwa na wafanyabiashara wengine, si Amazon yenyewe. Lakini pale wewe ni mpangaji. Kamisheni inaweza kupanda, akaunti inaweza kufungwa, na mteja anakumbuka jina la jukwaa, si lako. Isitoshe, mwenye nyumba naye anauza, na anaona unachouza. Tume ya Ulaya ililichunguza hilo, na Desemba 2022 Amazon ikajifunga kutotumia taarifa za siri za wauzaji hao katika biashara yake ya rejareja barani Ulaya.

Ushauri wangu: peleka kwenye jukwaa bidhaa zinazofanana na za wengine, zile ambazo bei ndiyo mazungumzo yote. Zile zinazohitaji maelezo yako, kipimo chako, au mkono wako, zibaki kwako. Na kila anayenunua kwako moja kwa moja, pata ruhusa yake ya kumtafuta tena. Orodha hiyo ni mali kuliko tovuti.

Mashine na akili unde zitamwondoa keshia?

Polepole kuliko zilivyotangazwa. Amazon Go ilifunguliwa kwa umma Seattle Januari 2018: mteja aliingia, akachukua, akatoka, kamera zikahesabu. Aprili 2024 kampuni ikatangaza kuuondoa mfumo huo katika maduka yake makubwa ya Amazon Fresh nchini Marekani na kuweka vitoroli vinavyosoma bidhaa mteja akiwa bado anazunguka, ili aone jumla yake. Inaonekana watu hupenda kujua wanadaiwa kiasi gani kabla ya kuufikia mlango.

Sina mtaji wa teknolojia. Nianzie wapi?

Chukua daftari, chora safu tatu: aliulizia nini, ulimpa nini, kwa nini aliondoka mikono mitupu. Wenye maduka wote huandika mauzo. Wachache mno huandika wasiouziwa. Fanya hivyo wiki mbili bila kubadilisha kitu. Kama safu ya tatu imejaa "bei", tatizo lako ni bidhaa zinazofanana na za kila mtu. Kama imejaa "haipo", ni stoo. Kama imejaa "alikuwa anaangalia tu", rudi kwa watu hao kwenye kumbukumbu zako na ujiulize ni wangapi kati yao kuna mtu dukani aliyewasogelea kabla hawajatoka.